Dada Alipopiga Filimbi

Leo fundi wa gari aliponirudishia ufunguo, harufu ya grisi mkononi mwake ilinirudisha Kayole, kwenye ukumbi wa kanisa, Jumapili alasiri, nikiwa nimeketi karibu na baba.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha misumari, na hata aoge vipi, grisi haikumtoka. Siku hiyo alivaa koti lake la pekee, kwa sababu dada yangu ndiye aliyechaguliwa kupiga filimbi katika utungo mpya wa mwalimu wake wa muziki. Nyuma ya dada, jukwaani, walikaa wapiga fidla, na kando yao mwanamke aliyekuja na kinubi kirefu kumshinda.

Dada alianza peke yake, polepole, kama mtu anayempulizia mtoto uji. Kinubi kikamjibu. Ukumbi mzima ulikuwa kimya.

"Mbona hawaanzi?" baba aliniuliza kwa sauti kubwa.

Watu wakageuka. Nikamnong'oneza sikioni, "Wameanza, baba."

"Ati?"

Nilijua mashine zilimpunguzia usikivu. Sikujua zilikuwa zimebakisha kidogo hivyo.

Jukwaani, dada alimsikia. Alitutazama, akaanza kupuliza kwa nguvu zake zote. Mwalimu akamwashiria apunguze. Hakupunguza.

Watu waliposimama kushangilia, baba naye alisimama, akapiga makofi kuliko wote, kisha akaniinamia huku akitabasamu.

"Sasa ndio wanaanza, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.