Herufi Zenye Miguu Minene

Mchoraji mabango wa mtaani alijua aina moja tu ya herufi: nene, nyeusi, zenye miguu bapa. Ndiyo maana tulimwita Tofali. "Herufi isiyo na miguu huangushwa na upepo," alisema. Herufi zake ziliuza saruji, zikatangaza minada.

Alipompenda mshonaji wa jirani, aliandika NAKUPENDA kwenye ukuta wa duka la mwanamke huyo. Asubuhi watu walijaa mlangoni wakidhani cherehani yake inanadiwa. Walisoma unene, hawakusoma neno.

"We fundi! Unanichumbia au unanifilisi?" mshonaji akafoka.

"Nakuchumbia, bibie. Ningeandika nyembamba, ungeamini?"

Mshonaji akautazama umati, akamtazama yeye. "Haya, panda ngazi. Andika NIMEKUBALI, nene vilevile, hawa watu waende makwao."

Akaandika. Mzee mmoja akauliza bei inaanzia ngapi.