Kitanda cha Watoto wa Mama Feza

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi yetu ya Ufipa inapasua midomo, ambayo hadi leo sijaisahau. Nimewaona vijana mkipita nyumba kwa nyumba kuomba viti na vitanda kwa ajili ya wakimbizi wanaokuja kuishi hapa, nikafurahi. Lakini kabla hamjapakia vyombo hivyo, keti kidogo nikusimulie.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza naanza useremala hapa Mollo. Kongo kulikuwa na vita, na watu walikuwa wanavuka Ziwa Tanganyika kuja kwetu. Mwanamume mmoja aliyetangulia alituambia kwamba dada yake, Mama Feza, yuko njiani na mume wake na watoto watatu. Jumuiya yetu ikawatafutia nyumba ya vyumba viwili, na kila mtu akatoa alichoweza. Huyu meza, yule viti. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini, mtu mwenye roho nzuri sana, akaleta magodoro mapya kwa gari lake mwenyewe. Lilikuwepo pia kabati ambalo mlango wake haukufunga hata ukiusukuma kwa goti, lakini nalo tulilipokea.

Mimi nilitengeneza kitanda cha watoto. Cha mninga, kipana, watatu walale mzungu wa nne, vichwa huku na miguu kule, bila kupigana mateke. Kilikuwa kitanda changu cha kwanza, nikakipiga msasa mpaka mama yangu akaniuliza kama nataka kukioa. Yeye ndiye aliyekitandika, kwa shuka zake alizowawekea wageni.

Asubuhi hiyo gari lilipotokea, akina mama wakaanza vigelegele. Yule kaka mtu, aliyekuwa amekwenda ziwani kuwapokea, akasimama juu ya gari akipunga mikono yote miwili tunyamaze. Akashuka mwanamke mmoja tu, amejifunga kitenge, hana hata mfuko. Upepo ulikuwa umepindua chombo chao karibu kabisa na nchi kavu. Wavuvi walimuokoa yeye peke yake.

Tulimpisha, akaingia ndani. Alishika meza, akashika kiti kimoja kimoja, kama mtu anayepapasa gizani. Alipofika chumba cha pili akasimama mlangoni.

"Hiki ni cha nani?" akauliza.

Nilitamani ardhi inifunike. Mama yangu ndiye aliyejibu.

"Ni cha watoto wako, mwanangu. Tuliambiwa mnakuja wote."

"Aksanti, mama," akasema, kwa Kiswahili chao cha ng'ambo. "Walikuwa watatu."

Kisha akapiga magoti, akalaza kichwa kwenye ile shuka, akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile tena, nami nimezika wengi.

Niliwaita wenzangu wawili, nikashika mguu wa kitanda. Nilidhani tukikiondoa upesi tutampunguzia maumivu. Mama akanishika mkono.

"Dominiko, unakwenda wapi na kitanda cha mwenzio?"

"Mama, si unaona kinamuumiza?"

"Kinachomuumiza si kitanda. Na wewe ulishakitoa, si chako tena. Atakapotaka kitoke, atasema mwenyewe. Tokeni nje, mkachote maji."

Tukatoka. Mama hakutoka. Kaka mtu alirudi ziwani kutafuta miili, akampata shemeji yake tu; watoto ziwa halikuwarudisha. Muda huo wote mama alikuwa amehamia kwa Mama Feza na mkeka wake. Yule dada alikuwa hali chakula. Mama alimpikia uji wa ulezi, akauweka, ukapoa, akaumwaga, akapika mwingine. Hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, maneno ambayo sisi wengine tulikuwa tumeyaandaa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu mgeni atatufia. Siku moja mama aliona bakuli tupu. Alikuja nyumbani kutuambia hilo, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mama Feza alinijia karakanani.

"Kaka, nisaidie kubeba," akasema. "Jirani yangu watoto wake wanalala chini."

Akashika upande mmoja wa kitanda, mimi mwingine. Katikati ya njia akaomba tupumzike. Akatazama kule bondeni, akaniambia Feza alikuwa anapenda kuimba, Ilunga alikuwa mkaidi, na mdogo wao, Riziki, alikuwa bado hajaanza kusema. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akanyanyua upande wake, tukaendelea.

Aliishi nasi hadi uzee, analima mahindi yake, anaimba kanisani. Hakuolewa tena. Kila upepo ulipovuma kwa nguvu alifunga mlango na hakufungua mpaka utulie. Tulimzika mwaka juzi, karibu na mama yangu, kama alivyoomba.

Kwa hiyo, mwanangu, toeni. Toeni vizima, vile ambavyo ninyi wenyewe mngevitumia. Lakini ukishashusha kiti cha mtu usikimbilie kuondoka, na usimpangie aliyefiwa namna ya kulia. Uliza, na akijibu kwa machozi, kaa. Ukishatoa kitu, kiachie kabisa, mwenyewe aamue kukitunza au kukigawa. Na majina ya waliobaki njiani, ukiambiwa, yasikilize yote.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na moyo usiochoka kungoja. Akuvushe salama kila utakakopita. Na siku yako ya huzuni ikifika, maana itafika, ikukute katikati ya watu.