Chai Niliyoikataa Nunguni

Wapendwa, kabla sijawaambia nilivyougua, mjue kwanza niliugua nikiwa nani. Nilizaliwa upande wa Kitui, na karo yangu niliisuka kwa vidole hivi: vyondo, vile vikapu vya katani vya kuuza, nikisuka huku natembea kwenda kuteka maji. Niliporudi kutoka chuoni na diploma ya kilimo, mwanamke wa kwanza kijijini kuipata, baba alinitembeza sokoni kama fahali aliyeshinda maonyesho. Siku zile zilikuwa tamu. Nilivaa viatu vya visigino hata shambani.

Niliolewa Nunguni, kwenye baridi na ukungu. Miaka ya sabini, nikiwa na mimba ya tatu, nguvu ziliniisha. Kilima cha kwetu kilinishinda, moyo ukidunda kama unaotaka kutoka. Ulimi ukawa laini na mweupe, kucha zikabonyea kama vijiko. Na mvua iliponyesha, harufu ya ukuta wa jikoni ilinijaza mate. Nilibandua udongo nikala. Mama mkwe aliona tundu akalaumu mchwa, mpaka siku aliponifumania.

"Mwaitu wee, mama yangu! Kumbe mchwa mwenyewe anavaa gauni!"

Majirani walinong'ona nimerogwa. Lakini mimi nilikuwa nimesomea ng'ombe. Ng'ombe anayelamba udongo hana wazimu. Kuna madini anayoyakosa. Nikamwambia mume wangu anipeleke hospitali.

Daktari aliteremsha kope yangu ya chini, akaiona nyeupe. Alipokwisha kupima damu akasema, "Mama, damu yako imepungua vibaya. Ukivuja wakati wa kujifungua, naweza kukupoteza wewe, au mtoto, au nyote wawili."

Alinieleza kwamba mwili unahitaji chuma kidogo sana, lakini bila hicho kidogo damu haibebi hewa. Mimba zilizofuatana zilikuwa zimekikomba chote. Nikapewa vidonge. Nilivimeza kila siku. Choo kikawa cheusi kama lami, tumbo likafunga, nikavumilia. Niliporudi kupimwa, damu ilikuwa palepale.

"Unavimeza kweli?"

"Daktari, mimi si mtu wa kutupa dawa."

"Unavimeza na nini?"

"Na chai."

Akashika kichwa. "Chai inakishika chuma tumboni, kinatoka kilivyoingia. Hata chakula usikiteremshie kwa chai."

Lakini Ukambani mgonjwa huheshimiwa kwa chai. Kina mama wa kanisa walikuja na maziwa, sukari na majani. Wakaomba, wakaimba, wakapika chai nzito, na kikombe cha kwanza kilikuwa cha mgonjwa. Kukikataa ni kuyakataa maombi yao, nikakinywa. Mpaka leo nazitamani sauti zile na ule moshi, nami nimefunikwa blanketi kama malkia.

Walipokuja tena, kiongozi wao alininyooshea kikombe.

"Sinywi, mama."

Akanisogezea kikombe zaidi. "Hunywi? Tumepanda mlima na maziwa haya!"

"Ni ile diploma," mwingine akasema. "Imempanda kichwani. Chai yetu sasa ina nzi."

Mama mkwe akaninong'oneza, "Onja tu, mwana wakwa, mwanangu, usituaibishe."

Mtu mnyenyekevu angekunywa. Mimi nilikaa wima kitandani. "Ndiyo, ni diploma! Chai inainyima damu yangu chuma. Mkinilazimisha, chai hii hii mtaipika kwenye matanga yangu."

Kiongozi akakivuta kikombe kwake. Akakinywa kile kikombe mwenyewe, akapangusa mdomo. "Basi wewe unataka kuletewa nini?"

Wakaleta majani ya kunde, machungwa, maharagwe, na nyama ya mbuzi kila walipoipata. Vidonge nikavimeza kwa maji ya machungwa. Polepole ulimi ukawa mwekundu, na kilima nikakipanda nikiimba.

Siku ya kujifungua nilivuja damu. Niliona sakafu, nikamsikia muuguzi akiita kwa nguvu. Lakini sasa mwili ulikuwa na akiba ya damu. Nilibaki, na binti yangu akalia mpaka daktari akacheka.

Dada yangu, ukitamani udongo usijifiche, nenda ukapimwe. Chai iache ipoe mbali na chakula na dawa. Na wakikuita mwenye kiburi, waitikie, bora uwe hai. Mimi namshukuru Mungu, na wale kina mama, ambao wengi wamelala sasa. Walinikasirikia vizuri, kisha wakanipikia kunde.