Jiwe la Papa Kwenye Maharagi

Juzi, huko Goma, muuza pete mmoja alikuwa akifunika mawe yake ya zambarau kwa kitambaa cheusi.

"Njo ametisti, mama," akaniambia. "Iko nguvu kupita kioo, lakini jua inakulaka rangi yake."

Moyo ukanirudisha utotoni, kijijini kwetu Kibabi, kwenye harufu ya maganda makavu ya maharagi. Papa alinipa jiwe kama hilo alipokuwa anaondoka kwenda kuchimba madini Walikale.

"Uchunge hii jiwe muzuri. Nikirudia, wataikata, tuiweke ku pete ya mama yako."

Mama naye hakuchoka kusema kwamba kisichoanikwa huoza ghalani. Basi kila alipotandaza maharagi juani, mavuno baada ya mavuno, nililiweka jiwe langu katikati yake, lisije likaoza kabla papa hajarudi.

Alasiri moja mama aliliokota, limebaki jeupe kama maji. Nikalia, nikingoja fimbo. Yeye akalipangusa kwa kitenge chake.

"Usilie, mutoto wangu. Ata koti ya papa yako, naianikaka kila juma. Nayo imepauka."