Divai Nyeupe kwa Mgema wa Igowole

Chupa ile nilipewa na mgeni Mwitaliano aliyelala siku nne katika hoteli ya Mbeya ninayohudumu mezani. Kwao wanalima zabibu, na ile divai nyeupe wameitengeneza wenyewe. Asubuhi ya kuondoka aliniambia inywewe ikiwa changa na ya baridi, isiwekwe miaka. Mizabibu ilipandwa na babu wa baba yake kwenye mteremko wa mawe, haipuliziwi dawa za sumu, na zabibu huchumwa kwa mkono. Majirani wao wengi walishang'oa mizabibu wakapanda matunda yenye soko zaidi. Baba yake alikataa. Nilimsikiliza kama ninavyowasikiliza wageni wote, huku nikikusanya sahani.

Nikaamua kuipeleka kwa baba, kijijini Igowole. Niseme ukweli, haikuwa kwa mapenzi matupu. Kaka yangu, anayekaa Mlandege mjini Iringa, alikuwa amenipigia simu mara tatu wiki ile. Alitaka baba akubali kung'oa mianzi yake ya bondeni ili tupande parachichi, na yeye alishajaribu akashindwa. Mimi baba hajawahi kunikatalia jambo tangu mama afariki. Basi kazi ikawa yangu, na chupa ikawa ya kumlainisha.

Baba ni mgema wa ulanzi, pombe ya mwanzi. Msimu wa mvua, chipukizi la mwanzi likishakua kiasi, hulikata ncha na kutundika mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga maji yake. Kila asubuhi na jioni hurudi kulikata tena, kidogo tu, wembamba wa ukucha. Ulanzi wa siku hiyo hiyo ni mtamu, hata watoto wanakunywa. Ukikaa mpaka kesho yake unaanza kuuma ulimi, na hautiwi kitu chochote. Huo ndio uliotusomesha. Lakini nilipoanza chuo cha hoteli na kupanga chumba Ilomba, Mbeya, niliwaambia wenzangu kwamba baba analima mahindi, na ulanzi sikuugusa tena. Nilimwonea aibu baba yangu. Hakuna namna nzuri ya kuliandika hilo.

Nilimkuta barazani ananoa kisu cha kugemea. Tulisalimiana kamwene zetu zote, habari moja moja, mpaka za kuku. Kisha nikaitoa chupa kwenye kitenge nilichokilowesha ili isipate joto, nikaizibua kwa kizibuo cha kazini. Nikamimina vidole viwili kwenye kikombe, nikakiweka mbele yake, nikasimama pembeni wima, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Ndivyo tulivyofundishwa: mteja anaonja kidogo, akiridhika ndipo unammiminia.

Baba akakitazama kikombe, akanitazama mimi. Hakukigusa. Nikasubiri. Naye akasubiri.

Hapo ndipo nilipokumbuka, na uso ukaniwaka. Kwetu anayekupa kinywaji anakionja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Nimemwona baba akifanya hivyo maisha yangu yote, kwa kila aliyepiga hodi. Na mimi nilikuwa nimemwekea baba yangu mzazi kikombe ambacho sikukionja.

"Hata padri huanza yeye mwenyewe," alisema. Baba ni Mkatoliki, na divai pekee anayoijua ni ile ya misa, ambayo hajawahi kuionja.

Nikaonja. Ilikuwa na ukali kidogo wa limau, na nyuma yake harufu ya majani mabichi. Nikampa kwa mikono miwili. Alikunywa, akakaa nayo mdomoni, akasema ni nzuri ila imelala. Ulanzi hauwezi kulala hivyo, unachemka mpaka unaisha. Akataka kujua nani anaigema. Nami, kwa sifa za mtu anayejua jambo, nikamweleza yote: babu aliyepanda, mteremko wa mawe, kutopulizia sumu, majirani waliong'oa. Nilipofika kwa mzee aliyekataa ndipo niliposikia nilichokuwa nikisema. Nilikuwa nimechelewa.

"Huyo mzee," baba akauliza, "mtoto wake alikasirika?"

"Mtoto wake ndiye aliyenipa chupa, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na wewe umekuja kuniambia nini?"

Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalinipotea. "Nimekuja kukuambia ung'oe mianzi," nikasema.

Aliingia ndani, akarudi na ulanzi wa asubuhi ile, akaonja yeye kwanza, akanikabidhi. Ningeweza kusema nimeacha. Nilikunywa mpaka chini, na utamu ule ukanitoa machozi. Kaka akapiga simu kabla sijakirudisha kikombe. Nikamwambia apande parachichi shamba la juu. Mianzi ya bondeni haing'olewi. Akasema nimelewa. Nikamwambia bado.

Asubuhi yake baba aliisuuza chupa ya Mwitaliano, akaijaza ulanzi ili niwaonjeshe wenzangu wa hotelini. Hakuiziba kabisa, na akanikataza kuiziba njiani: ulanzi ukifungiwa unapasua chupa. Kwa hiyo kutoka Mafinga mpaka Mbeya niliishika wazi magotini, na basi zima likanuka. Mama wa kiti cha pili aligeuka akaniuliza nimebeba nini.

"Ulanzi," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva. "Anaugema baba yangu."

Nikaonja kwanza, nikampa.