Mpishi wa Watu Wasiosalimia

Siku ya kwanza watu kumi na tisa walipita mbele ya Elieshi na sahani mikononi, na hakuna hata mmoja aliyemwamkia. Huku mlimani Meru mtu akikupita bila salamu, ama mna kesi ya mpaka wa shamba, ama anakutakia mabaya. Wa kumi na moja katika mstari alikuwa Anaeli, bintiye wa kumzaa. Naye alipokea wali na maharage, akainamisha macho, akapita.

Elieshi alikuwa ameelezwa mapema. Mwalimu Kajal, mama wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia Ngarenaro, alimwambia siku aliyomwajiri kwamba wageni wamekuja kukaa kimya siku kumi, wakifuata mafundisho ya Buddha, wakitazama pumzi zao mpaka moyo utulie na mtu ajione alivyo. Hakuna kusema, hakuna simu, hakuna nyama. Baada ya saa sita mchana hakuna chakula, ila chai na tunda saa kumi na moja jioni. Elieshi aliitikia kila neno. Hakusema kwamba mmoja wa wageni hao ni mwanawe, wala kwamba kazi ya jikoni ameiomba ili amlinde.

Kupika alijua. Miaka thelathini alikuwa ameshika mwiko katika harusi, misiba na vipaimara, na chumvi ya watu mia tatu aliikadiria kwa kiganja bila kuonja. Mumewe alipofariki alibaki na kahawa kidogo, migomba, na Anaeli, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari kule Elerai. Mwezi wa tatu mwaka huu Anaeli alijifungua hospitali mtoto wa kiume ambaye hakulia. Wakawarudisha wote wawili mlimani kwa Elieshi. Wanaume wawili wa jirani walichimba kaburi dogo migombani, akina mama wakamlaza mtoto, pasipo wimbo wala mchungaji. Mzazi hulishwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ili arudishe damu, na nyama ilikuwa imeshanunuliwa, ndizi za mshare zimeshamenywa. Elieshi akawapikia waliochimba, isiharibike. Kisha akamwambia binti yake asilie, atapata mwingine, na hawakulizungumza tena.

Na kweli Anaeli hakulia. Aliacha kulala. Darasani alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, mpaka wanafunzi wakaanza kunong'onezana. Mwalimu mwenzake ndiye aliyemwambia habari za nyumba hii iliyoko juu ya Makumira, nyumba kuukuu ya shamba la kahawa, ambako watu huja kuponya akili. Hawadai ada, mtu huacha alichojaliwa.

Hapo ndipo Elieshi aliposhtuka. Kama hawataki pesa, wanataka nini?

Sifaeli, mdogo wa marehemu mumewe na mzee wa kanisa, alikuwa na jibu. "Wanaanza na kunyamaza, shemeji. Halafu wanaacha kula. Halafu wanaletewa karatasi za shamba wasaini." Wote wawili walishawahi kusikia redioni habari za watu waliofungishwa kula porini mpaka wakafa kwa njaa.

Basi Elieshi akawa macho. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwa jiko na kuwahesabu wakitoka ukumbini: kumi na tisa. Walipokwenda kutembea bustanini, hatua moja moja kama watu waliopoteza shilingi kwenye nyasi, aliingia ukumbini kufagia na kuchungulia. Aliona mikeka, mito, kengele ya shaba, na sanamu ndogo ya mtu aliyekunja miguu na kufumba macho. Mtu huyo wa sanamu alitabasamu kama anayejua kilichomo kwenye sufuria yako. Elieshi hakulipenda tabasamu lile. Alifagia akiwa amelipa mgongo, kisha akaona ni afadhali alitazame.

Siku ya tano mwanamume mmoja, pande la mtu, alikaa barazani akalia kwa kwikwi, na hakuna aliyemwuliza ana nini. Siku ya sita Anaeli alirudisha sahani yake kama alivyoipokea. Siku ya saba vivyo hivyo. Macho yalikuwa yamevimba, na mchana wote alikaa peke yake chini ya mti wa mgrivea, mikono tumboni.

Wameshaanza, Elieshi aliwaza.

Akajificha nyuma ya banda la kuni, akampigia Sifaeli aje kesho yake saa kumi na moja na gari. Ila mtu asiyekula siku mbili hafiki getini. Kwa hiyo asubuhi, nyumbani kwake, alipika mtori. Nyama ya mifupa aliichemsha mpaka ikaachia, ndizi akazisonga mpaka mwiko ukawa mzito. Akamimina kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, akaifunika kwa mchicha kikapuni.

Jioni, wenzake Anaeli walipokuwa wakinywa chai, Elieshi alimfuata chini ya mgrivea, akampa bakuli.

"Kula, tuondoke," alinong'ona. "Baba yako mdogo yuko getini."

Anaeli aliliangalia bakuli muda mrefu. Kisha akala, taratibu, kijiko baada ya kijiko, machozi yakidondokea humo humo na yeye asiyafute. Alikomba mpaka chini. Ndipo akasema, sauti ikikwaruza kwa siku nane za ukimya.

"Siku ile nilisikia harufu ya mtori, mama. Nikiwa kitandani. Nikasubiri bakuli langu."

Elieshi alitaka kusema kwamba nyama ingeharibika.

"Na mimi nilizaa," alisema Anaeli.

Elieshi akakaa chini, kwenye majani makavu, akamshika mwanawe mguu kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Walikaa hivyo mpaka chai ikaisha. Alipoinua macho, Mwalimu Kajal alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale.

"Nilijua ni mama na mwana tangu siku ya kwanza," alisema. "Mnatembea mwendo mmoja. Na chupa uliyoletea nyama, mama, isiingie jikoni kwangu." Akaondoka zake.

Hata hilo Elieshi hakulipenda. Mtu anayejua jambo siku nane asiliseme ni wa kuangaliwa.

Anaeli alisema zimebaki siku mbili, na anataka kuzimaliza. Elieshi akateremka getini peke yake. Sifaeli alikuwa hajazima injini.

"Yuko wapi?"

"Anabaki."

"Shemeji, wamekupata na wewe."

Elieshi hakuwa na hakika kama ni uongo. Alitazama nyuma, ukumbini, ambako kengele ilikuwa ikilia na watu wakivua viatu mlangoni. Akawahesabu kwa mazoea.

"Kesho niletee mshare, mkungu mzima," alisema. "Na nyama ya mifupa. Nitapanga mafiga hapa nje ya geti."

"Ya nini yote hiyo?"

"Nina mzazi humu ndani."