Hotuba Ambayo Mwalimu Muli Hakuitoa

Nakumbuka siku moja ya mnada pale Ikutha, miaka ya hamsini, mvua ikiwa imetupita tena. Nilikuwa kijana wa kununua na kuuza mbuzi, na ukinitajia bei nilicheka kwanza, halafu ndio nikakusalimia. Mwalimu Muli alinichukua niigize mnunuzi katika mchezo wake. Alisema sura yangu tayari imezoea kukataa.

Mwalimu alikuwa anaandika riwaya, mwanangu, juu ya baba anayeuza ng'ombe wake wa mwisho wakati wa njaa. Kila sura aliyomaliza tuliicheza mbele ya watu, kwanza uwanja wa kanisa, kisha sokoni. Sura ya kuuza ng'ombe ndiyo iliyotushinda. Baba alikuwa na hotuba ndefu ya kumuaga mnyama wake, Kiswahili kitamu kabisa, na kila tulipofika hapo watu walikumbuka kazi zao. Asubuhi ile Mwalimu aliniambia wakiondoka tena, maandishi yote yanaingia motoni. Nilimjua, hakuwa mtu wa kutishia bure.

Tukacheza, Mwalimu mwenyewe akiwa baba, ameshika kamba ya ng'ombe wa kweli. Nikamshusha bei, nikamshusha tena, mpaka wazee wa mnada wakanizomea kama mnunuzi wa kweli. Moyoni nilifurahi. Tukakubaliana. Sasa, kwetu ng'ombe huuzwa, lakini kamba hurudi nyumbani na mwenyewe. Mwalimu akaifungua polepole, akaikunja, akaitia begani. Nikangoja hotuba. Hakuna. Alisimama tu, anaitazama shingo ya yule ng'ombe. Nikadhani amesahau, nikamnong'oneza mstari wa kwanza. Akanigeuzia macho, nikanyamaza. Nikautupia umati jicho, nikautupia tena: hakuna aliyeondoka. Mama mmoja muuza ndengu alikuwa ameacha kupima.

Jioni nilimuuliza hotuba imeenda wapi.

"Nilikuwa nayo mdomoni," akasema. "Lakini niliona wamemaliza kuisema wenyewe."

Akachana kurasa zile tu. Kitabu kikachapwa bila hizo, na ukikisoma leo utaona watu wake hutenda kwanza, wakisema ni kidogo, kama walio jukwaani. Miaka mingi baadaye kikatengenezewa filamu, nikaenda kuiona Machakos. Walikuwa wameongeza muziki, wameongeza hata msichana mrembo ambaye mimi simkumbuki, lakini pale kwa ng'ombe hawakuthubutu kuongeza neno. Nyuma yangu kijana mmoja akamsifu mtengeneza filamu kwa akili zake. Nilimwacha. Mwalimu alikuwa ameshazikwa, na hotuba nzima nilikuwa nayo mimi peke yangu.

Basi mwanangu, wewe unayetaka kuandika, usikipende kitabu chako mkiwa wawili tu chumbani. Kipeleke kwa watu wenye haraka, wenye mbuzi wa kufikisha nyumbani kabla ya jua kuzama. Kiseme kwa mdomo, ukitembee kwa miguu, uwatazame nyuso. Wakiondoka, usiwalaumu, kata. Na wakikuelewa kabla hujamaliza, nyamaza, hata kama neno lililobaki ndilo ulilolipenda kuliko yote.

Mungu akupe mkono mwepesi na masikio mazito kwa sifa. Akupe wasikilizaji wagumu, na wakae mpaka mwisho.